Kumi na Mbili Nukta Sita

Uani kwangu, nje kidogo ya Burträsk,
magari-nyumba kumi na tisa yamelala,
maturubai yamewafika magotini,
na mimi niliyepasua mbao miaka thelathini
mpaka kiwanda kikafungwa
ndiye mlinzi wa usingizi wao.

Watu hudhani gari lililozimwa halili.
Linakula.
Saa ya ukutani inakula, king'ora kinakula,
kitaa chekundu kisichozidi punje ya mtama
kinakula usiku kucha.
Bandu bandu. Nayajua haya, nimeona magogo yakiisha.
Na betri iliyokwisha, baridi ikiikuta,
huganda tumboni, ikapasuka ubavu;
mwezi wa Mei mwenyewe anakuja na funguo,
anazungusha, anasikia tk,
kisha ananitazama mimi.

Namba saba ni la Sixten na Majlis.
Mwaka juzi walilileta pamoja:
Majlis kashika ngazi, Sixten kapanda paani,
wakigombana kwa sauti nzuri
juu ya chungu kilichosahauliwa Norwei.
Safari hii kaja Sixten peke yake.
Kalipa miezi sita. Kasema, hakuulizwa:
"Tutaliuza kiangazi."
Akaondoka. Ile *tu*
ikabaki imesimama uani, haina pa kwenda.

Desemba yetu, jua ni mgeni asiyevua koti.
Saa nne linachungulia juu ya misonobari,
saa nane hujui kama lilipita.
Paneli iliyolala paani hailioni;
theluji imeifunika uso kama maiti.
Nikamwambia: ishushe, isimamishe wima
ukuta wa kusini, kama mtu anayeota jua.
Theluji itateleza yenyewe,
na mwanga unaodunda kutoka ardhini utaikuta.
Akaja Jumamosi na waya na bisibisi,
vidole vimekufa ganzi, hataki kuvaa glavu,
akafunga kila skrubu mara mbili.
Kwa gari la kuuza.

Jumatano nikakuta nyayo ndogo.
Majlis alikuwa anafuta paneli kwa mkono wa koti,
burashi niliyomwekea hata hakuiona.
"Ngapi?" akauliza.
"Kumi na mbili nukta sita."
Akatikisa kichwa taratibu
kama aliyeambiwa homa ya mgonjwa imeshuka.
"Usimwambie."

Jumamosi, Sixten kasimama mbele ya kioo kisicho na chembe.
"Ajabu, upepo wa huku unafagia vizuri."
"Upepo wa Jumatano," nikasema.
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akafuta pasipokuwa na kitu.

Basi ikawa hivyo.
Haba na haba.
Februari hutuongezea dakika sita kila siku,
nami nazihesabu kama bahili.
Jumatano nyayo ndogo, Jumamosi nyayo kubwa,
theluji ikaja ikazifukia zote pamoja,
na ndani ya sanduku lake jeusi betri ikipokea,
haiulizi mwanga huu umetoka kwa nani.
Machi, kumi na tatu nukta sita.
Kidhibiti kikasema basi, ameshiba,
kikawa kinamnywesha kwa kijiko tu.

Ndipo akaja kijana kutoka Umeå
na tangazo mkononi, na pesa, na haraka.
Akalizunguka namba saba. Akapiga teke tairi.
Nikamfungulia mlango: baridi, harufu ya kahawa ya zamani,
vikombe viwili vimefunikwa, masikio yameelekeana.
"Betri je? Inashika chaji?"

Niulize jambo lolote katika ua huu.
Sijawahi kumdanganya mtu kwa volti,
hata nusu nukta.
Miaka kumi na moja jina langu ni hilo.

"Imekufa," nikamwambia. "Iliganda Januari.
Na ikiganda, mwanangu, hujui imeharibu nini kingine."

Akashukuru, akaenda zake.
Nikabaki mlangoni,
na nyuma ya kisogo changu kitaa cha kijani,
punje moja tu, kizima, kimeshiba,
kikinisuta.